Simu ya taifa letu ilienda wapi? Jibu kwa Mama Mwalimu wa Katuba

Swali:

«Papa, jambo. Mimi ni mwalimu, nakaa Katuba, Lubumbashi. Marehemu baba alifanya kazi Gécamines. Nyumbani tulikuwa na simu ya waya ukutani na sanduku la posta mjini, hata ufunguo wake ninao mpaka leo. Siku hizi kila wiki natoa makuta (pesa) kununua mega za intaneti kwa makampuni ya kutoka nje. Mwanangu aliyesoma Lusaka ananiambia Wazambia wana Zamtel yao na Watanzania wana TTCL yao. Yetu sisi ilienda wapi? Ingekuwa bado na nguvu, bei ya mega isingeshuka? Na huu ufunguo bado una kazi?»

Jibu:

Jambo sana, Mama Mwalimu. Yetu ipo. Inaitwa SCPT, Kampuni ya Kongo ya Posta na Mawasiliano, na jumba lake hapa kwetu unalipita kila ukienda mjini, pale kwenye uwanja ambao wazee bado wanauita Place de la Poste na vijana wanauita Place Moïse Tshombe. Ila naelewa kwa nini unauliza ilienda wapi. Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi baada ya mwaka 2000 hajawahi kupiga simu kwa waya wa posta hata mara moja.

Shirika hili lilianzishwa mwaka 1968, barua na simu zikikaa chini ya paa moja. Nchi ilipoitwa Zaïre, likaitwa ONPTZ. Baada ya 1997 likawa OCPT. Mwaka 2009 serikali iliamua kugeuza mashirika yake mengi kuwa makampuni ya biashara, ndipo likapata jina la leo. Majina yalibadilika, kazi ileile: kupeleka barua, na kumwezesha Mkongomani kuongea na mwenzake aliye mbali, katika nchi ya kilomita za mraba 2,345,000. Hapa hadi Kinshasa peke yake ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na saa zetu zimetangulia zao kwa saa nzima. Nchi ya namna hiyo haiunganishwi kwa maneno.

Na kuna wakati iliunganishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulijengwa kituo cha satelaiti N'sele, nje kidogo ya Kinshasa, na simu ya kwenda Ulaya ikapita angani. Wazee wetu wa kazi walilisimulia jambo hilo kwa fahari, na walikuwa na haki. Katika miaka hiyo nchi nyingi za Afrika zilipitishia simu zao kwa wakoloni wa zamani.

Sasa simu ya baba yako. Unakumbuka namba yake ilikuwa na tarakimu ngapi? Kama zilikuwa tatu au nne, basi huenda haikuwa ya posta kabisa. Makampuni makubwa ya migodi kama Gécamines yalikuwa na sentrali (mitambo ya kuunganisha simu) zake za ndani, na mkubwa wa kazi aliwekewa simu nyumbani ili aitwe usiku mtambo ukisimama. Ukitaka kuongea na mtu wa nje, unaomba kwanza laini. Kama namba ilikuwa ndefu zaidi na bili ilitoka mjini, hapo ilikuwa ya shirika la taifa. Nataja hili kwa sababu watu wengi wa mji wetu wanakumbuka simu ya nyumbani kama zawadi ya serikali, kumbe sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo ni ya kampuni ya shaba.

Waya za posta nilizifanyia kazi kwa mikono yangu, kwa hiyo nivumilie nikueleze zilivyokufa. Watu wakiulizwa hujibu «uporaji», na uporaji ulikuwepo kweli: Septemba 1991 ulianza Kinshasa, wiki chache baadaye ukafika hapa Lubumbashi, na Januari 1993 Kinshasa ikaporwa tena. Lakini waya zetu zilianza kuugua kabla ya siku hizo, na ugonjwa wenyewe ulikuwa maji.

Kebo kubwa ya simu ya zamani ni unene wa mkono wa mtu mzima. Nje ina ganda la madini ya risasi. Ndani mna mamia ya jozi za nyuzi nyembamba za shaba, na kila uzi umeviringishiwa karatasi. Karatasi tu, kavu kabisa. Jozi moja ni nyumba moja: jozi hii ya daktari, ile ya duka la Mgiriki, ile ya kaburo wa polisi. Karatasi ikilowa, jozi zinashikana, daktari anasikia mazungumzo ya Mgiriki, halafu wote wawili wanasikia mvumo, halafu kimya. Ndiyo maana sentrali ilikuwa na pampu inayosukuma hewa kavu ndani ya kebo mchana na usiku. Ganda likitoboka, hewa inatoka nje na maji hayaingii. Fundi anaangalia saa ya presha ukutani, akiona mshale umeshuka anajua kuna tundu mahali, anatoka kulitafuta kabla mvua haijaanza.

Sasa fikiria pampu hiyo haina kipuri, au umeme umekatika siku tatu, au fundi hajalipwa miezi mitano na amekwenda shambani. Mvua zetu zinaanza Novemba. Nilifungua shimo moja la kebo karibu na katikati ya mji mwishoni mwa msimu wa mvua, miaka hiyo ya tisini. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mdomo wa shimo. Tulipoyatoa kwa ndoo, tukaikuta kebo imekaa kwenye tope, ganda limepasuka ufa wa urefu wa kidole, na karatasi ya ndani imekuwa kama uji. Jozi mia sita kwenye ufa mmoja. Mwenzangu aliyekuwa anashika taa alikaa chini pembeni ya shimo, akavua kofia, hakusema kitu. Tulijua hakuna kebo nyingine ghalani.

Pesa nazo zilikuwa zimekufa. Mtu akilipa bili ya mwezi wa tatu mwezi wa tano, makuta yale hayakutosha tena kununua hata msumari. Shirika likawa linatoza kwa karatasi huku vipuri vinauzwa kwa dola. Na waya zilizobaki juu ya nguzo, katika mji ambao kila mtoto anajua bei ya shaba kwa kilo, hazikukaa. Hilo linaniuma mpaka leo, Mama: Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya shaba, ulipoteza simu zake kwa sababu ya shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, takwimu za kimataifa zilihesabu kama laini 10,000 tu za waya kwa nchi nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 50.

Wakati huohuo simu ya mkononi ilikuwa imeshaingia. Wengi hawajui kwamba Zaïre ilikuwa kati ya nchi za mwanzo Afrika katika jambo hili. Mwaka 1986 Miko Rwayitare na mwenzake Mmarekani Joseph Gatt walianzisha Telecel mjini Kinshasa, na simu ya mkononi ikaanza kulia pale kabla ya Nairobi. Ilikuwa simu ya mawaziri na matajiri, kifaa kizito kama tofali chenye bei ya gari. Lakini funzo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuliona: mnara hauhitaji kebo ya karatasi hadi kwenye kila lupango (kiwanja cha nyumba). Shirika la taifa lingeweza kuruka kutoka kwenye shimo la maji moja kwa moja hadi kwenye mnara. Halikuruka. Serikali iliona Telecel kama biashara ya watu binafsi, ikaendelea kusubiri mkopo wa kufufua waya.

Mwishoni mwa 2000 ikaja Celtel, ambayo baadaye ikawa Zain, kisha mwaka 2010 ikawa Airtel. Mwaka 2002 ikaja Vodacom, Waafrika Kusini wakishika asilimia 51 na wenzao wa Congolese Wireless Network asilimia 49. Mwaka huohuo, tarehe 16 Oktoba 2002, zikatoka sheria mbili: moja ya kupanga mawasiliano yote, nyingine ya kuunda mamlaka ya kusimamia, ARPTC. Sheria ile haikulisahau shirika la taifa. Ililiachia mtandao wa msingi, yaani uti wa mgongo wa nchi, ambao wengine wangekodi njia juu yake. Kwenye karatasi huo ulikuwa urithi mkubwa kuliko kadi zote za SIM. Tatizo ni kwamba uti wa mgongo wenyewe ulikuwa umebaki karatasi.

Hapa nafika kwenye sehemu ambayo ndiyo jibu halisi la «ilienda wapi». Mama, tulikuwa na kampuni ya mkononi ya taifa, angalau nusu yake. Iliitwa Congo Chine Télécoms, CCT. Wachina wa ZTE walishika asilimia 51 na upande wa serikali yetu asilimia 49. Wakazi wa mji huu wa umri wako wanaikumbuka: kadi zake zilikuwa rahisi, wanafunzi walizipenda, na kwenye meza za kabini za kupigia simu mama alikuwa na simu moja ya CCT kwa wateja wa CCT, maana kupiga kutoka rezo (mtandao) moja kwenda nyingine kulikuwa ghali. Simu tatu juu ya meza, mwavuli, saa ya kuhesabia dakika, na wewe unasimama pembeni unapiga kelele ili Kolwezi wasikie.

CCT ilikosa mtaji. Minara ilikuwa michache, madeni yakapanda, na hakuna mwenye hisa aliyetaka kutia pesa zaidi. Mwaka 2011 France Télécom, yenye jina la Orange, ikanunua kampuni yote: dola milioni 10 kwa sehemu ya Wachina, dola milioni 7 kwa asilimia 49 ya taifa, pamoja na kuchukua madeni. Ndiyo hiyo Orange unayoiona leo, ambayo mwaka 2016 ilimeza na Tigo.

Soma tena namba ile: dola milioni 7. Nyumba kadhaa nzuri za Kinshasa katika mtaa wa Gombe zinafikisha bei hiyo. Watetezi wa mauzo wanasema kampuni ilikuwa na madeni, na asilimia 49 ya hasara ni hasara. Ni kweli kwa mahesabu ya siku ile. Ila mimi nasema tuliuza mguu wetu mmoja katika simu za mkononi mwaka mmoja tu kabla M-Pesa ya Vodacom haijaingia Kongo, Novemba 2012, na kabla simu haijawa benki ya kila mtu. Aliyeuza hakuangalia kule njia inakoelekea. Kuanzia hapo taifa halina tena kadi yake ya SIM.

Mwanao ana haki kuhusu majirani, lakini mwambie asimulie yote. Wazambia nao waliuza. Mwaka 2010 walitoa asilimia 75 ya Zamtel kwa LAP Green ya Libya kwa dola milioni 257, na Januari 2012 serikali mpya ya Michael Sata ikaichukua tena. Watanzania vivyo hivyo: mwaka 2001 walitoa asilimia 35 ya TTCL kwa wawekezaji wa kigeni, na mwaka 2016 wakazinunua tena kutoka Bharti Airtel kwa shilingi bilioni 14.9. Baada ya hapo, mwaka 2018, wakaifanya shirika la umma kamili. Wote wawili waliona kwamba wamekosea wakarudi. Ila ukivuka mpaka wa Kasumbalesa ukauliza watu wana kadi gani mfukoni, wengi watakuonyesha MTN na Airtel kabla ya Zamtel. Na Tanzania, TTCL si ya kwanza kwa wateja wa mkononi hata kidogo.

Basi TTCL inaisaidia vipi Tanzania? Kwa kitu ambacho mwanao hakukiona kwa sababu kimefukiwa ardhini: mkongo wa taifa. Serikali yao ilijenga njia ya fiba, nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, kuzunguka nchi hadi kwenye mipaka, ikampa TTCL kuisimamia, na makampuni mengine yanakodi humo, hata nchi jirani zinakodi. Vodacom ya Tanzania inashindana na TTCL dukani, na bado inaweza kumlipa kodi ya waya. Huo ndio ukuaji wa kampuni ya taifa ninaouonea wivu. Kadi ya SIM inaweza kuuzwa na yeyote mwenye minara. Barabara ya chini ya ardhi, akiishika mmoja peke yake, wote mnalipa bei anayotaka.

Na hapa SCPT yetu haijafa, ingawa wafanyakazi wake wamepitia miaka ya mishahara isiyokuja ambayo ingeua moyo wa mtu yeyote. Ndiyo iliyoiingiza Kongo katika WACS, kebo ya chini ya bahari inayotoka Afrika Kusini, inapanda kandokando ya Afrika Magharibi hadi Uingereza, kilomita zaidi ya 14,000. Kwetu inatua Muanda. Pwani yetu yote ni kilomita 37 tu, na kwenye kipande hicho kidogo ndipo mlango wetu wa bahari ulipo. Kebo ilianza kufanya kazi 2012, na kwetu ikazinduliwa 2013. Kutoka Muanda fiba inakwenda Kinshasa, na awamu iliyofuata ikapangwa kuvuka nchi kuja kwetu mpaka Kasumbalesa. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipanda satelaiti, na mtu alilipa mamia ya dola kwa mwezi kwa kasi ambayo leo mwanafunzi angeicheka.

Ila mlango wa Muanda una adui ambaye si mtu. Mto Kongo haukomi pwani. Chini ya bahari unaendelea katika bonde refu lenye kina, na mchanga ambao mto umeubeba kutoka kwetu sote, hata kutoka Lualaba, unarundikana kwenye kichwa cha bonde. Mwishoni mwa 2019 mto ulifurika sana. Januari 2020 rundo lile likaporomoka, likateremka chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100, likakata WACS pamoja na SAT-3, kebo nyingine ya chini ya bahari. Agosti 2023 ikatokea tena, na kebo hizo mbili zikakatika kwa pamoja. Meli ya kutengeneza ilitoka Cape Town. Kuna wiki Kinshasa intaneti ilikuwa inatambaa, na mkosaji alikuwa mto wetu wenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia kebo moja inatosha taifa zima, mwonyeshe mto.

Sisi wa Lubumbashi tuna bahati ya jiografia. Tuko karibu na Zambia, na makampuni binafsi, Liquid mbele yao, yamepitisha fiba kwenye mpaka ule. Mawasiliano yetu yanaweza kushuka kusini hadi Afrika Kusini au kukata mashariki hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo siku Muanda ikiumwa, sisi huwa tunapumua kidogo. Lakini mlango huo wa kusini hauna mkono wa taifa letu, na bei yake haipangwi hapa.

Turudi kwenye mega zako. Ukinunua mega za franka elfu moja, unalipia nini? Kwanza serikali: TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ni asilimia 16, na juu yake kuna accise, yaani ushuru wa bidhaa. Pili mafuta ya mnara. Umeme wa SNEL ukikatika, jenereta inawaka, na mnara wa njia ya Kasenga au wa kijiji cha mbali unakunywa mazuti siku nzima. Mazuti yale yamefika kwa lori kutoka mbali. Tatu kukodi njia, yaani ile fiba. Nne faida. Watu wengi wanadhani ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. Mimi nimefanya kazi pande zote mbili na nakwambia ya pili na ya tatu zinakula sana, na hizo mbili ndizo ambazo kampuni ya taifa yenye akili ingeweza kuzipunguza.

Lakini serikali zetu kila zikikumbuka simu zinakumbuka kutoza. Mwaka 2020 walileta RAM, daftari la kuandikisha vifaa vya mkononi, wakakata kwenye unite (salio la simu) za watu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za kisasa. Mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, alitia unite za kumpigia mtoto wake, akakuta zimeliwa kabla hajabonyeza namba. Makelele ya nchi nzima yakaizima mwanzoni mwa 2022. Hakuna mwananchi aliyeonyeshwa kilomita moja ya waya iliyojengwa kwa pesa zile, na mimi kama fundi sitaacha kuuliza.

Waya wenyewe si wa ajabu, Mama. Ningetamani wanafunzi wako wauone. Mwaka juzi tuliitwa usiku kwenye njia ya Likasi, fiba imekatika. Vijana walikuwa wamechimba wakitafuta shaba, wakakata kebo kwa shoka, wakaangalia ndani, wakakuta nywele za kioo, wakaiacha imelala pale. Tulifunga hema dogo kando ya barabara kwa ajili ya vumbi, maana punje moja ya vumbi la laterite inaharibu kila kitu. Uzi mmoja wa fiba ni unene wa unywele, maikromita 125, na mwanga unapita katikati tu, kwenye kiini cha maikromita 9. Unauvua rangi, unaupangusa kwa alkoholi, unaukata kwa kisu chenye almasi mpaka uso wake uwe laini kabisa, unauweka kwenye mashine ukitazamana na mwenzake. Kwenye kioo kidogo unaona ncha mbili kama magogo mawili. Cheche moja ya umeme, magogo yanayeyuka yanakuwa gogo moja. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Tulikuwa na nyuzi 48. Saa kumi alfajiri simu ya kijana wetu mmoja ikalia mfukoni: mkewe alikuwa amepata rezo Kolwezi na ndiye wa kwanza kutuambia kazi imekubali.

Nyuzi zile 48, tafadhali elewa, zinatosha kubeba mji mzima na zaidi. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mwenye waya asiye mshindani wa anayekodi, mwenye bei moja iliyobandikwa ukutani kwa wote, kwa kampuni kubwa na kwa kijana wa Ruashi anayetaka kuuzia mtaa wake intaneti. Hiyo ndiyo kazi ninayoitakia SCPT, pamoja na SOCOF, kampuni nyingine ya serikali iliyoundwa kwa ajili ya fiba. Kuwa na mbili kunanitia wasiwasi, maana ng'ombe mwenye wachungaji wawili hulala njaa. Ila afadhali mbili zinazochimba kuliko moja inayosubiri.

Kuna jambo jingine dogo lenye faida kubwa. Zamani ukituma barua pepe kutoka ofisi moja ya Lubumbashi kwenda ofisi ya jirani, ilikwenda Ulaya ikarudi, kwa sababu makampuni mawili hayakukutana popote nchini. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya Ulaya na kurudi ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kila kilomita ya nje inalipwa kwa dola. Leo kuna sehemu za kukutania, KINIX kule Kinshasa na LUBIX hapa kwetu, ambapo makampuni yanapeana mawasiliano papo hapo. Kila kampuni inayojiunga pale inaokoa dola ambazo zingekwenda nje. Hakuna mwanasiasa anayepiga picha mbele ya kabati la LUBIX, na bado naona limefanya kazi ya kutusaidia kuliko hotuba nyingi.

Kwa hiyo, bei ingeshuka? Kwa kadi ya SIM ya serikali peke yake, sioni. Ingekuwa ya tano sokoni, na minara yake ingekunywa mazuti yaleyale. Kwa waya wa taifa uliojengwa vizuri na kukodishwa kwa haki, ndiyo, ingeshuka, na ingeshuka kwa rezo zote kwa pamoja, uliyonayo wewe na aliyonayo jirani yako. Starlink nayo ilipigwa marufuku 2024 na kupewa leseni Mei 2025, lakini kifaa chake si cha mshahara wa mwalimu. Kwa shule yako huenda, kama wazazi wakichanga na shule ikawa na umeme wa jua.

Sasa ufunguo. Sanduku la posta hukodishwa kwa mwaka, na familia isipolipa, namba inaweza kupewa mtu mwingine na kufuli kubadilishwa. Nenda asubuhi kwenye jumba la posta pale uwanjani, si siku ya Jumamosi, chukua ufunguo, kadi yako ya mpiga kura, na karatasi yoyote ya baba yenye alama ya «B.P.» na namba, hata bahasha ya zamani inatosha. Uliza namba hiyo iko kwa nani. Ikiwa haina mtu, omba kuiandikisha upya kwa jina lako. Barua kutoka nje bado zinafika, na shule yenye anwani ya sanduku inaaminika zaidi ikiomba vitabu kwa mashirika ya mbali. Nilipokuwa kijana, sanduku la baba yangu lilikuwa safu ya tatu kutoka chini, upande wa dirisha. Ukilipata la baba yako, niandikie uniambie kama ufunguo umezunguka.